Chumba Asichoingia Kitonga

Ubao wa mvua wa Msambweni ulikuwa mtupu karibu wiki nzima, na watu hawakuona haya kuusoma hivyo hivyo.

"Leo wamesemaje?" Bi Mbodze aliuliza kutoka kwenye karai lake la viazi, ng'ambo ya barabara.

"Bado, Bi Mbodze. Laini inasumbua," alijibu Kitonga, huku akipangusa ubao ambao haukuwa na neno la kupangusa.

"Na jana ilikuwa bado. Sasa mvua ikinyesha leo, tuianike mihogo yetu ndani, au tungoje mpaka utuandikie?"

Wateja wake wakaangua kicheko. Kitonga naye akacheka, maana asiyecheka anapochekwa huchekwa mara mbili. Lakini alipoingia ndani na kufunga mlango, kicheko kilibaki nje.

Tangu mvua za El Nino zisombe mashamba na mbuzi, wafadhili fulani walikuwa wameanzisha mradi ili wakulima wa Kwale wasipatwe tena ghafla. Kitonga, kijana wa Kikamba kutoka Makueni aliyesomea kompyuta, ndiye aliyepewa kituo cha Msambweni. Mradi ulimkodia nyumba: chumba cha mbele kikawa ofisi, vilivyobaki akakaa na mkewe Ngina. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kila asubuhi kompyuta, kwa kupitia kisanduku kiitwacho modemu, hupiga simu Nairobi na kuzungumza na kompyuta kubwa iitwayo seva, ambamo takwimu zote za hali ya hewa hukaa. Zikishafika, Kitonga huchukua chaki na kuandika ubaoni: mvua, jua, au upepo. Watu walikuwa wamezoea kumwita Bwana Mvua, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali kusema.

Sasa kwa karibu wiki nzima modemu ilikuwa ikipiga, seva ikiitikia kwa ule mlio wao wa paka aliyebanwa mkia na mlango, halafu kimya. Kompyuta ikaandika kwa Kiingereza kwamba hakuna mtu upande wa pili.

Mkubwa wake, Bwana Ngala, alipiga simu kutoka Mombasa.

"Kitonga, Ijumaa naja na mgeni wa wafadhili. Ataka aone kwa macho yake takwimu zikiingia. Ikiwa seva haipatikani, mitambo yahamia Shimoni, na nyumba yarudi kwa mwenyewe."

"Na mimi, bwana?"

"Nawe utarudi kwa mwenyewe vilevile."

Ngina alikuwa amejifungua hivi karibuni. Alipoambiwa habari hizo, aliutazama mlango wa chumba cha kulala, akashusha sauti.

"Mama asisikie. Amekuja kulea mjukuu, hakuja kutusaidia kufunga virago."

"Nitaitengeneza," alisema Kitonga. Alisema kwa sauti ya mtu ambaye hajui aanzie wapi.

*

Fundi Tsofa wa simu alikuja na baiskeli, ngazi ameifunga ubavuni. Alikuwa mtu mzima, na Kitonga, ambaye bara hakuwa na mazoea hayo, alikwisha kujifunza adabu ya pwani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, bwana mdogo. Habari za watoto? Mama mtoto hajambo? Yule mkweo aliyekuja, wazima kwao?" Tsofa hakugusa waya hata mmoja mpaka habari zikaisha. Ndipo akapanda mlingoti wa barabarani, akakuta nyigu wamejenga ndani ya kisanduku cha simu. Akawatoa. Nao, kwa kuwa kila mtu na haki yake, wakamwachia alama mdomoni. Alishuka mdomo wa juu umekuwa kama andazi.

"Nyigu ndio waliokuwa wakiizuia!" alisema Kitonga kwa furaha.

Walijaribu. Modemu ikapiga, seva ikalia, kimya.

"Si nyigu," alisema Tsofa, na ilimuuma zaidi.

Wakabadilisha waya wa ukutani. Wakabadilisha modemu, wakatia ile ya akiba. Kitonga akapiga simu Nairobi, akaongea na kijana anayeitunza seva.

"Seva iko sawa, boss. Lamu wameingia, Voi wameingia. Ni wewe tu. Hebu zima machine halafu uwashe."

"Nimeizima na kuiwasha mpaka kitufe kimelegea."

"Jaribu tena tu."

Akaizima, akaiwasha. Tsofa alikaa kitako sakafuni, kitambaa chenye maji mdomoni, akifikiri.

"Hata siku moja haikushika?"

"Jumapili ilishika, vizuri kabisa. Nafikiri Jumapili watu ni wachache kwa seva."

"Jumapili hapa nyumbani palikuwa na nani?"

"Mimi peke yangu. Wenzangu walimpeleka mtoto kanisani kuombewa."

Tsofa akaufuata kwa macho waya wa simu. Ulitoka mezani, ukapita juu ya kizingiti, ukaingia kwenye tundu la ukuta wa chumba cha kulala.

"Na huu waenda wapi?"

"Kuna simu ya pili humo chumbani. Niliivuta mimi, ili Nairobi wakinipigia usiku nisitoke kitandani."

"Basi nifungulie niitazame."

Kitonga akajikuna shingo. "Hapo sasa ndipo pagumu, fundi. Humo analala mama mkwe."

Hapa lazima tuseme jambo, maana kuna wasomaji ambao wakwe zao huwapikia chai na kukaa nao meza moja. Kwa Wakamba wa kufuata mila, mwanamume na mama mkwe wake wana nthoni baina yao, yaani heshima iliyokaribiana sana na haya. Hampeani mkono. Hamkai chumba kimoja. Mkikutana njiani, mmoja hupiga kona. Na chumba anacholala mama mkwe, hata kama kitanda ni chako na godoro umelinunua wewe, hukiingii. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini Bi Kaluki, mama yake Ngina, hakuwa mtu wa kulegeza. Tangu afike, yeye na mkwewe walikuwa wakiishi nyumba moja kama jua na mwezi: mmoja akitoka, mwingine anaingia. Salamu zao zilipita kwa Ngina, na Ngina alikuwa amechoka kubeba salamu kuliko kubeba mtoto.

"Hata sisi twawaheshimu wakwe," alisema Tsofa. "Lakini mimi si mkwe wake. Niache niingie mimi."

"Ukiingia wewe, atasema nimekutuma ukampekue."

"Basi mkeo amuulize tu kama aigusa."

Ngina akaenda. Wanaume wawili wakasikia mnong'ono nyuma ya mlango, kisha sauti ya Bi Kaluki ikapanda: "Mimi? Nimpigie nani, mimi?"

Ngina akarudi. "Mama anasema hajampigia mtu."

"Hatukuuliza kama kampigia mtu," alisema Tsofa. "Tumeuliza kama aigusa."

"Fundi," alisema Kitonga kwa upole, "mama amesema."

Na alipokwisha kusema mama, hapakuwa na lingine. Tsofa akafunga ngazi yake na kuondoka. Alikuwa amekwisha kuona nyaya zilizoliwa na panya na zilizoibiwa na watu. Waya uliozibwa na adabu alikuwa hajauona.

*

Sisi tusiooa binti wa mtu katika nyumba hiyo hatukatazwi kuingia, kwa hivyo tuingie.

Bi Kaluki alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, macho kwenye simu nyeusi iliyokuwa juu ya kigoda. Alitoka Makueni kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mjukuu, na hiyo kila mtu aliijua. Ya pili ni simu. Mwanawe kitinda mimba, Wambua, alikuwa Botswana, akifundisha hesabu katika mji wa Francistown. Mara ya mwisho kuandika alisema hivi: akipata nafasi atapiga simu kwa dada yake Msambweni, asubuhi mojawapo. Hakusema asubuhi ipi. Kwa hivyo mama yake alikuja kukaa karibu na asubuhi zote.

Asubuhi ya kwanza, simu ile iligonga kengele kidogo, ti-ti-ti, kama kuku anayedonoa sahani. Bi Kaluki hakushangaa kwamba imelia kwa unyonge. Botswana ni mbali. Aliinua mkono wa simu, akasikia kelele za kutisha. Wala hilo halikumtisha, maana jirani yake mmoja aliwahi kumweleza kwamba simu za ng'ambo huja na upepo wake.

"Wambua!" alisema. "Ni mama. Mimi sikusikii, lakini wewe nisikie."

Akampa habari. Kwamba baba yake alipasuliwa jicho na sasa anaona vizuri, mpaka anachagua chakula. Kwamba ng'ombe mweupe amezaa. Kwamba Ngina amejifungua mtoto wa kike mwenye pua ya kwao. Kila habari upepo uliitikia kwa mlio. Alipofika kwenye habari za kuoa, simu ilikatika, na hapo Bi Kaluki akawa na hakika kabisa kwamba ni Wambua, kwa sababu akiguswa hapo ndivyo afanyavyo.

Tangu siku hiyo Wambua hakukosa. Asubuhi nyingine alipiga mara tatu mfululizo. Bi Kaluki hakumwambia mtu, maana Ngina alimwonya siku aliyofika: "Mama, simu hii ni ya mradi. Ikikutwa na maneno yetu ya nyumbani, baba mtoto atafukuzwa." Kwa hivyo alizungumza chini ya blanketi, upesi upesi. Hakumdanganya bintiye alipoulizwa. Ni kweli hakumpigia mtu. Yeye hupigiwa.

Na kwa kuwa ukuta haukuwa mnene, alijua pia kwamba mtambo wa mkwewe umekwama. Jambo hilo lilimsikitisha sana. Kila alipomaliza kuzungumza na Wambua alipiga magoti na kumwomba Mungu amfungulie Kitonga njia.

*

Ijumaa Bwana Ngala alifika amevaa tai, na mgeni wake alikuwa mwanamke wa Kizungu, mrefu, aliyejifunza Kiswahili Unguja na kukisema vizuri kumshinda Kitonga.

"Hamjambo nyote? Nimefurahi kufika," alisema.

"Karibu, madam. Hii ndio ofisi yetu," alisema Kitonga, jasho likimtiririka.

Madirishani walikuwa wamejaa majirani, Bi Mbodze mbele, kijiko cha viazi bado mkononi. Tsofa alikuwa pembeni, mdomo umeanza kurudi. Ngina alisimama na mtoto kwenye ushoroba.

Kitonga akabonyeza. Modemu ikapiga. Seva ikalia. Kimya.

"Hivyo ndivyo inavyofanya kazi?" aliuliza mgeni kwa adabu.

"Hapana, hapo ilikuwa inajipasha," alisema Ngala, na akamkazia Kitonga macho.

Mara ya pili ikawa vilevile. Dirishani mtu akasema, "Leo hali ya hewa ni kimya," na Bi Mbodze akamfinya, maana mzaha una siku yake. Ngala akamvuta Tsofa kando, wakanong'ona. Kisha Ngala akauelekea mlango wa chumba cha kulala. Kitonga akamwahi, akasimama mbele yake, mikono imeshika miimo.

"Ondoka, Kitonga. Fundi asema ndani mna simu haijakaguliwa."

"Bwana Ngala, humo kuna mkwe wangu."

"Hata mimi nina mkwe! Yuko kwake Mariakani, hakai juu ya mitambo ya watu!"

"Naomba unisamehe. Mlango huu siwezi kuufungua."

"Wajua nilikwambia nini kuhusu Shimoni?"

"Najua, bwana." Kitonga akaikaza mikono kwenye miimo. Hakumtazama Ngina. "Basi wacha iende Shimoni."

Ngina akafumba macho. Alimwonea mumewe huruma, na alimwonea hasira, na katikati ya hayo mawili alimpenda sana, na yote hayo yalimchosha. Mgeni alimwuliza Ngala kuna nini. Ngala akasema ni mambo ya kiufundi.

Tsofa akawasogelea. "Tusimpigie mtu kelele mlangoni. Ipige mara moja tena, na ikilia, bwana mdogo, wewe inua mkono wa simu hii ya mezani usikilize. Itakatika, naam. Lakini yakatika hata bila kuinua."

Kitonga hakuwahi kusikiliza wakati mitambo ikiongea. Ndivyo alivyofundishwa chuoni: ukiinua simu, unawakata. Sasa hakuwa na cha kuogopa kukata. Akabonyeza, modemu ikapiga, seva ikalia. Akainua mkono wa simu.

Ndani ya mlio ule palikuwa na mtu. Mwanamke mzee, akiongea Kikamba kwa haraka: "...na asubuhi uvae koti, kifua chako nakijua. Wambua, unanisikia?"

Mlio ukakatika. Wakabaki wawili kwenye laini. Kitonga alisikia pumzi ya upande wa pili, na pumzi ile ile, bila simu, aliisikia nyuma ya mlango.

"Mama," alisema. "Si Wambua. Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Kitonga."

Bi Kaluki akajifunika leso uso mzima, ingawa chumbani hapakuwa na wa kumwona. Tangu Kitonga amwoe Ngina, hawakuwahi kuambiana neno moja kwa moja. Lakini simu haina uso, na nthoni, ukiichunguza sana, ni habari ya nyuso.

"Unapiga kutoka wapi?" aliuliza hatimaye.

"Niko hapa nje, mama. Kwa ofisi."

"Anazungumza na nani?" mgeni aliuliza.

"Na seva," alisema Ngala, ambaye hakujua Kikamba. "Wale wa Nairobi. Hao huhitaji kubembelezwa."

"Mama, simu hii ikigonga ti-ti-ti, si mtu anapiga," Kitonga aliendelea. "Ni kompyuta yangu inapiga Nairobi. Ule mlio ni kompyuta mbili zinaamkiana. Ukiinua, zinaachana."

Kitonga alimwona Ngala akitazama saa.

"Kwa hivyo ile sauti si ya Wambua."

"Si yake, mama."

"Hata ya jana?"

"Hata ya jana."

"Nilimweleza habari za jicho la babake," alisema Bi Kaluki. "Nilimweleza mambo mengi."

Kitonga akauzungusha waya wa simu kidoleni. Alikuwa ametafuta kosa lile kwenye mlingoti, kwenye waya na Nairobi, na sasa amelipata na mkono wake ulitamani kulirudisha.

"Na kazi yako ndiyo iliyokuwa ikikwama hivyo? Kwa ajili yangu?"

"Haikukwama sana, mama."

"Nimesikia mlangoni ulichosema. Piga Nairobi yako, mwanangu. Sitaigusa tena."

Simu ya chumbani ikawekwa chini taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Kitonga akabonyeza. Modemu ikapiga, seva ikalia, mlio ukapanda, ukatulia, na takwimu zikaanza kuingia, mstari juu ya mstari. Madirishani wakapiga vigelegele. Mgeni alipiga makofi na kusema amefarijika sana, kituo kinafanya kazi nzuri, hapana haja ya kukihamisha. Ngala akalegeza tai yake. "Nilisema mimi, wahitaji kubembelezwa tu," akasema, na Tsofa akacheka kwa upande ule wa mdomo uliokubali.

Kitonga akaandika ubaoni: mvua leo, kuanzia alasiri. Bi Mbodze akasoma, akamletea sahani ya viazi. "Kula, Bwana Mvua. Na mihogo naianua sasa hivi."

*

Wageni walipoondoka, Ngina aliingia chumbani na chakula, akatoka nacho.

"Halii," alimwambia mumewe. "Lakini hali pia. Anasema anarudi kwao kesho, hapa amekuja kuharibu kazi ya watu. Mwambie kitu."

"Mimi nimwambie? Kwa mdomo gani?"

"Kwa ule uliokuwa nao mchana."

Ngina akaenda kumnyonyesha mtoto. Kitonga alibaki mbele ya kompyuta, akizipitisha takwimu juu chini bila kuzisoma. Seva ile haikuwa ya Kwale peke yake. Ilileta Mombasa na Voi, kisha, kwa wale wenye subira ya kushuka, nchi nyingine zote, Tanzania, Zambia, chini zaidi, miji ambayo Msambweni hakuna aliyewahi kuiulizia. Alikuwa akiipita kila siku. Leo aliteremka polepole, kidole kwenye kioo, mpaka kikasimama.

Aliinua mkono wa simu, akakibonyezabonyeza kwa kidole kile kitufe chake cha kukatia, upesi upesi. Chumbani kengele ikagonga: ti-ti-ti.

Hakuna aliyeinua. Bi Kaluki alikuwa ameahidi, na hakuwa mtu wa kulegeza. Kitonga akagonga tena. Na tena. Mara ya nne akasikia pumzi.

"Sikuigusa mimi," alisema Bi Kaluki. "Imenisumbua yenyewe."

"Ni mimi, mama, nimekupigia. Nataka kukwambia Francistown. Kule kwa Wambua leo kumekucha mawingu kidogo, halafu jua likatoka. Hakuna joto kali, hakuna baridi. Upepo ni mdogo. Mvua hakuna."

Nje, juu ya mabati, matone ya kwanza ya Msambweni yalianza kuanguka. Kitonga akaogopa kwamba amemwongezea uchungu.

"Mvua hakuna kabisa?" aliuliza Bi Kaluki.

"Hakuna, mama."

"Basi nguo zake zitakauka."

"Zitakauka."

Akamsikia akisogea kitandani, akijiweka vizuri.

"Na kesho je?" aliuliza mama mkwe.

Kitonga akavuta kiti, akaketi, akaanza kumsomea.